Askari Aliyepanda Treni Isiyo Yake

Funzo hili ni la wanaoandika riwaya, hasa riwaya za mji wenye jina, wenye mitaa yake na wenye watu walio hai. Watu wa kisa hiki nimewabuni. Mji sikuubuni, wala tarehe zake.

Kijana mmoja, mzaliwa wa Moshi, alikuja Dar es Salaam kusoma akabaki, akapanga Sinza, akaandika riwaya ya wakati wa Vita vya Kagera. Kiini chake kilikuwa kizuri. Zaituni, msichana mpangaji wa Manzese, anaagana na mchumba wake askari mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuliteka eneo lote mpaka kwenye Mto Kagera. Miezi inapita bila barua. Zaituni anazunguka mji mzima kutafuta habari za mwenzake, mpaka Kampala inapoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kijana aliandika kwa moyo. Wenzake waliosoma muswada, wote wa rika lake, walitokwa machozi.

Rafiki mmoja alimshauri autafutie muswada mtu mzima ausome. Kijana akamjibu, "Dar naishi, mwendokasi napanda kila siku. Nitaikosea vipi?" Akakusanya akiba yake, akachapa kitabu, akapeleka nakala kwa muuza vitabu Kariakoo.

Muuza vitabu alimpelekea nakala moja mama yake mkubwa, bibi wa Ilala apendaye sana kusoma. Baada ya siku chache kitabu kilirudi, kimekunjwa ukurasa katika sura ya tatu, pamoja na ujumbe: aliyeandika aje, nina neno naye. Kijana akaenda siku ileile, akidhani anakwenda kupongezwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu, keti hapo. Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Huyu askari wako umempandisha treni wapi?"

"TAZARA."

"Anakwenda wapi?"

"Kagera, vitani."

Bibi akakifungua kitabu pale kilipokunjwa, akaweka kidole juu ya mstari. "Mume wangu nilimsindikiza mimi mwenyewe. Tulikwenda Stesheni, hii ya mjini, ya Reli ya Kati. Nilimfungia chapati kwenye kitambaa, akaniambia nisisubiri treni iondoke, nikasubiri. Treni ya Mwanza haiondokei TAZARA, baba. Huyu wako umempeleka Zambia."

Hakuwa anatania. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa na reli mbili zenye njia mbali mbali kabisa. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza likakamilika 1928. Hiyo ndiyo treni ya kwenda Ziwa Victoria, na kutoka Mwanza mtu huvuka kwa meli mpaka Bukoba. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa 1976, inakwenda kusini-magharibi, inapita Mbeya mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia. Hata upana wa njia si mmoja: Reli ya Kati ina milimita 1,000, TAZARA ina milimita 1,067. Behewa la huku haliwezi kutembea kule. Kijana aliichagua TAZARA kwa sababu jengo lake ni kubwa na linapendeza kulisimulia, lile jumba refu la ghorofa linaloonekana tangu barabarani. Hakujiuliza treni zake zinakwenda wapi.

"Nilipofika hapo nikakifunga," bibi akasema. "Nikajua huyu hakuwepo, na hakumwuliza aliyekuwepo. Sasa hayo mengine ya vitani, ya majonzi ya huyo msichana, nitayaaminije?"

Maneno hayo ndiyo kiini cha funzo hili. Msomaji hapimi makosa kwa ukubwa wake. Anakupa imani yake kwanza, anakwenda nawe, na pale anapojua kuliko wewe ndipo anapokupima. Ukimdanganya katika jambo analolijua, hatakuamini katika jambo asilolijua. Na riwaya yote imejengwa juu ya mambo ambayo msomaji hayajui.

Kijana aliomba radhi, kisha akafanya jambo la maana: akakitoa kitabu kwenye mkoba, akamwomba bibi amsomee chote na kumwonyesha. Wakaenda ukurasa kwa ukurasa, na kila kosa lilifunua hasara ambayo hakuitegemea.

Katika sura ya tano Zaituni amekaa sebuleni kwake Manzese, kwenye sofa, usiku. Anaisoma barua ya zamani ya mchumba wake kwa sauti, analia, na hakuna anayejua. Bibi akauliza, "Sebule ya nani?" Msichana kama yule angepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili: vyumba vitatu upande huu, vitatu upande ule, ukumbi katikati, baraza mbele, uwa nyuma, na huko uwani choo, bafu na mahali pa kupikia ni pa wote. Nyumba nyingi za namna hiyo hazikuwa na dari, na kuta za vyumba ziliishia chini ya bati. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, cha sita wanasikia. Kilio cha Zaituni kingesikika nyumba nzima. Asubuhi, akiinjika chai uwani, mwenzake mmoja angemnyamazia kwa huruma, mwingine angemwuliza kwa makusudi kama barua imefika. Kijana alikuwa amehangaika kurasa nyingi kuonyesha upweke wa msichana katika nyumba tupu. Kumbe upweke mkali zaidi ulikuwa ule wa kuomboleza mbele ya watu watano waliokwisha kujua.

Katika sura ya saba Zaituni anatazama habari za vita kwenye televisheni. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa miaka ishirini hivi, lakini mpangaji wa Manzese mwaka 1979 alitegemea redio, na redio yenyewe ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Bibi alieleza jinsi redio moja ilivyowekwa barazani saa ya taarifa ya habari, na watu wa nyumba za jirani wakasogea na vigoda vyao, wanawake wenye waume mpakani wakikaa mbele. Habari ilimfikia mtu akiwa katikati ya watu, na kila mmoja alimtazama mwenzake usoni. Televisheni ilimpa Zaituni picha za vita ambazo hangeziona. Ikamnyang'anya baraza.

Kisha usafiri. Zaituni wa kijana anapanda daladala Manzese na kushuka Posta kwa dakika chache. Mwaka 1979 abiria wa Dar es Salaam walikuwa wa UDA, Shirika la Usafiri Dar es Salaam lililoanzishwa 1974. Magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria yalibeba kwa kuibia, kwani Serikali iliyaruhusu rasmi mwaka 1983. Mabasi hayakutosha, na kituoni watu walisimama muda mrefu, wakasukumana, wengine wakaamua kutembea. Hapa kijana alijishika kichwa. Katika sura ya kumi alihitaji Zaituni achelewe kufika mjini siku ambayo rafiki wa mchumba wake anapita na ujumbe. Ili achelewe, alikuwa ameingiza mwizi anayepora mkoba, polisi wanaofukuzana naye, na umati wenye hasira. Sura nzima ilikuwa imejaa kelele, wakati foleni ya UDA kwenye Barabara ya Morogoro ingemchelewesha bila mwizi yeyote, na kila msomaji wa umri wa bibi angeumia pamoja naye kituoni.

Ndivyo ilivyokuwa Kigamboni pia. Zaituni anakwenda kwa shangazi yake kwa teksi, usiku, anafika mara moja. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016. Kabla ya hapo aliyetaka kuvuka mlango wa bandari alisubiri pantoni Magogoni, na aliyekosa pantoni alilala upande aliokuwapo au alizunguka mbali sana kwa nchi kavu. Msichana anayetazama taa za nyumba ya shangazi yake ng'ambo ya maji naye hawezi kuvuka, hiyo ni sura inayojiandika yenyewe.

Kaka wa Zaituni naye anamtumia kifurushi kwa basi kutoka Nairobi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, mwaka uleule ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, ukafunguliwa tena 1983. Basi hilo halikuwapo. Mtu aliyekuwa na ndugu Nairobi alikuwa amekatwa naye, na mwandishi anayelijua hilo anaona mara moja kwamba Zaituni amefungiwa pande mbili: mchumba kaskazini-magharibi kwenye vita, kaka kaskazini nyuma ya mpaka.

Majina ya njia yalikuwa yameteleza vilevile. Kijana alitaja Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, wakati Mzee Mwinyi aliingia Ikulu 1985. Alitaja Barabara ya Nyerere, iliyokuwa ikiitwa Pugu. Bibi hakuhitaji vitabu kuyajua hayo. Barabara alizipita kwa majina yake.

Kosa la mwisho lilikuwa zuri kuliko yote kwa maneno, na ndilo lililomuuma zaidi. Usiku Kampala ilipoanguka, Zaituni yuko ufukweni Oysterbay, jua linazama baharini, kisha giza totoro linatanda. Dar es Salaam iko pwani ya mashariki. Ufukweni Oysterbay jua huchomoza baharini, halizami. Anayetaka kuliona likizama juu ya maji avuke rasi ya Msasani mpaka upande wake wa magharibi, kwenye ghuba, ambako jua hushuka nyuma ya ngalawa za wavuvi. Ni mwendo wa dakika chache kwa gari, na mwandishi angeweza kumpeleka msichana wake huko bila kupoteza hata sentensi moja. Giza totoro nalo halikuwapo. Tarehe 11 Aprili 1979 ilikuwa Jumatano, na mwezi ulitimia tarehe 12. Usiku ule ungekuwa mweupe, au kama masika yameziba anga, mweupe wa kijivu nyuma ya mawingu. Bahari ingekuwa katika bamvua, maji yakijaa juu sana na kutoka mbali sana. Haya hayahitaji shahidi. Kalenda inatosha, na mwezi na maji kujaa na kutoka hupigiwa hesabu kwa usiku wowote wa miaka iliyopita.

Nakala zilizokwisha kununuliwa hazikurudi. Ziko majumbani mwa watu, na ndani yake askari bado anapanda treni ya Zambia. Hiyo ndiyo adhabu ya kitabu: kosa lake halifutiki kama la mdomoni. Zilizobaki kijana alizichukua akazirudisha Sinza, akaanza kuandika upya.

Wako watakaosema riwaya ni ubunifu, na mbunifu hafungwi na ramani. Ni kweli, mbunifu ana uhuru, lakini uhuru wake una mahali pake. Buni nyumba, usibuni stesheni. Buni duka la mtaani, mpe mwenye duka jina na tabia, lakini usihamishe soko. Buni mtu aliyekuwa kwenye foleni, usiifute foleni. Mambo ya faragha ni yako, kwa sababu hakuna awezaye kukukana. Mambo ya hadhara ni ya watu wote walioyaishi. Na ukiona mji wa kweli unakubana mno, jengo unalolitaka halipo na mto unaoutaka haupiti, basi utungie mji wako jina jingine uujenge upendavyo. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kuukodi mji kwa jina lake, ukavuna imani ambayo jina hilo linakuletea, kisha ukakataa kuuheshimu.

Waandishi wakubwa hawakudharau jambo hili. James Joyce aliandika Ulysses, iliyotoka Paris mwaka 1922, akiwa ameishi mbali na Dublin kwa miaka mingi, naye riwaya yote aliiweka katika siku moja ya Juni 1904 ndani ya mji huo. Akiwa huko ughaibuni alimwandikia shangazi yake aliyebaki Dublin kumwuliza kama mtu wa kawaida anaweza kupanda uzio wa chuma wa nyumba namba 7, Mtaa wa Eccles, akajishusha upande wa pili bila kuumia. Mhusika wake alikuwa amesahau ufunguo, na Joyce hakutaka kumrusha uzio usiorukika. Kwetu, Adam Shafi aliposimulia maisha ya makuli katika riwaya yake Kuli, aliwaweka katika bandari ya Unguja na mgomo wa 1948, mgomo uliotokea kweli, wakati ambapo wengi waliouona walikuwa bado hai na wangeweza kumkosoa.

Basi mwenye nia ya kuandika mji wa kweli aanze wapi? Aanze na mwaka na siku. Hakuna "Dar es Salaam" tupu. Kuna Dar es Salaam ya 1964, ya 1979, ya 1995, na kila moja ina usafiri wake, bei zake, uhaba wake na salamu zake. Hata Chuo Kikuu, kinachoonekana kama kimekuwa Mlimani tangu zamani, kilianza 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani 1964. Anayemweka mwanafunzi Mlimani mwaka 1962 amemweka porini.

Kisha aende kwenye magazeti ya siku hizo. Asisome habari kubwa peke yake. Asome matangazo: sinema gani ilionyeshwa Empire au Avalon wiki ile, bidhaa gani ilitangazwa kuwapo na ipi ilitangazwa kupungua, mfanyakazi gani alitafutwa. Matangazo ndiyo maisha ya watu yaliyochapwa bila kukusudia.

Kisha atembee njia yenyewe kwa miguu, kwa saa ileile ya hadithi, ajue mwinuko uko wapi, kivuli kiko upande gani alasiri, na mtu mwenye mzigo kichwani atapumzika wapi.

Na mwisho, amtafute aliyekuwepo. Amwulize mambo madogo, kwa sababu makubwa yako vitabuni: mlipika wapi, mlichota maji saa ngapi, mlisalimianaje, barua ilifikaje. Asimwamini mtu mmoja peke yake, kwani kumbukumbu nayo huchanganya miaka. Aliyoambiwa Ilala ayapeleke Magomeni, aliyosikia kwa mdomo ayatafute gazetini. Yakikubaliana, ayaandike. Yakipingana, aulize tena. Kuuliza si ujinga, na kwa mwandishi wa riwaya ni sehemu ya kazi kama ilivyo kalamu.

Wengi huogopa kwamba uchunguzi utaikausha hadithi. Kisa cha kijana huyu kinaonyesha kinyume. Kila alipoukosea mji, alilazimika kubuni kitu dhaifu zaidi: mwizi badala ya foleni, nyumba tupu badala ya kuta zisizofika paani, picha ya televisheni badala ya nyuso za watu barazani. Mji ulikuwa umemwekea hadithi bora, naye alipita juu yake kwa sababu alidhani anaujua.

Kuna haki nyingine, kubwa kuliko ya sanaa. Wake waliowasindikiza waume zao mwaka ule wanazeeka, na wengi wamekwisha kuondoka. Vijana wengi watayajua yale maisha kupitia riwaya. Riwaya ikiwapa stesheni isiyo yenyewe na habari za televisheni isiyokuwapo, hicho ndicho kitakachobaki kuwa kumbukumbu, na hapatakuwa na mtu wa kukirudisha na ukurasa umekunjwa.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, kabla hujaupeleka muswada kwa mpiga chapa, tafuta mtu mmoja aliyeishi katika mji huo, katika mwaka huo, mwombe ausome wote mbele yako, na umpe kalamu. Leo bado wapo. Waendee wangali wapo.